Mtwara mpaka Songea kwa ndege: kilomita hazina shida, muda ndo una mambo

Mtwara kuchele wadau! Kazi yangu ni kupanga safari za ndege, yaani njia, mafuta na muda, na swali linalonifikia sana wasapu ni hili: mbona mtandaoni wanasema Mtwara Songea ni saa moja na dakika kama nane, halafu ukiulizia ndege ndogo ya kukodi unaambiwa karibu saa mbili, nani muongo? Hakuna muongo, kila mtu kapigia hesabu ndege yake.

Umbali kwanza maana huo hauna ubishi. Uwanja wa Mtwara (MYW) mpaka Songea (SGX) kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 505, au maili za baharini 273, maana sisi tunapiga hesabu kwa hizo na kila moja ni kilomita 1.852. Kwa barabara utakula zaidi ya 600 kwa sababu inazungukia kusini, Masasi, Tunduru, Namtumbo. Ndege haina habari na Tunduru, inaiacha kushoto huko mbali na kupita jirani na Nachingwea, mji wa enzi za mradi wa karanga wa Waingereza.

Sasa muda. Vikokotoo vingi vya mtandaoni vinachukua spidi ya jeti, kilomita 800 kwa saa, vinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua basi. Ukirusha Q400, ndege kubwa ya abiria yenye mapangaboi, utapata jibu linalokaribiana na hilo, ila ni bahati tu. Cessna Caravan, ile ndege ndogo ya kukodi, ni habari nyingine, ipe maili 160 za baharini kwa saa, gawanya 273 unapata saa 1 na dakika 42, na hapo upepo bado.

Na upepo ndo wenyewe. Msimu wa kusi unavuma toka kusini mashariki, kwa hiyo ukienda Songea unakusukuma mgongoni na ukirudi unakupiga usoni. Tuseme unakupa maili 20: kwenda dakika 91, kurudi dakika 117. Watu wanadhani faida na hasara zinafutana, hazifutani, jumla ya kwenda na kurudi inakuwa 208 badala ya 205 za siku isiyo na upepo, kwa sababu ule upepo mbaya unakaa nao muda mrefu zaidi. Dakika tatu si kitu, lakini upepo ukiwa 40 zinafika kama 14, na hayo ni mafuta.

Halafu uwanja wa Songea uko juu, zaidi ya mita 1,000 toka usawa wa bahari, Mtwara ni mia na kitu tu. Hewa kule ni nyepesi, ndege inahitaji kukimbia umbali mrefu zaidi chini ndo iruke, hasa mchana jua likiwaka, ndo maana napenda warudi asubuhi, na mzigo tunaupunguza kabla rubani hajalalamika.

Kwa hiyo ukitajiwa muda, uliza ni wa hewani tu au toka injini inawashwa mpaka inazimwa, maana bei ya kukodi wengine wanaihesabu kwa huo wa pili.