Je, wajua kwa nini The La's waliikana albamu yao wenyewe?

Wimbo wa "There She Goes" hauna beti. Usikilize tena kama unabisha: gitaa linaanza peke yake, noti chache zinazozunguka palepale, kisha kinaingia kiitikio. Kikiisha, kinarudi kilekile. Katikati kuna kipande kifupi cha kupumzisha sikio, halafu kiitikio tena. Hata dakika tatu haufiki. Huenda wewe uliujua kupitia Sixpence None the Richer, Wamarekani waliouvumisha upya mwaka 1999. Wenyewe hasa ni The La's, vijana wa Liverpool, na aliyeutunga, mwimbaji wao Lee Mavers, hakuwa na neno moja zuri la kusema kuhusu albamu iliyoubeba.

Albamu yenyewe inaitwa The La's, kama bendi. ("La" kwa lafudhi ya Liverpool ni kijana, mshikaji.) Ilitolewa Oktoba 1990 na lebo ya Go! Discs, nyimbo 12, dakika kama 35 hivi. Ni ya kwanza, na mpaka leo ni ya pekee waliyoitoa studioni. Wapenzi wa pop ya magitaa ya Uingereza huitaja kwa heshima ya pekee, na Noel Gallagher wa Oasis alishasema bendi yake ilitaka kumaliza kazi ambayo The La's waliianza. Wakati huohuo Mavers alikuwa akikaa na waandishi wa magazeti, watu waliotumwa kumsaidia kuiuza, na kuiponda mbele yao. Aliifananisha na nyoka aliyevunjika mgongo.

Sasa, ilikuwaje?

Jibu la haraka ni kwamba haikumaliziwa na wao. The La's walihangaika na nyimbo hizi tangu mwaka 1987, wakibadili studio na maprodyuza kama mtu anayebadili waganga: John Porter, John Leckie, Bob Andrews, Mike Hedges, na wengine. Kila mara kazi ilirekodiwa, ikasikilizwa, ikatupwa. Wapiga ngoma na wapiga gitaa nao waliingia na kutoka. Kuna kisa kinachosimuliwa hadi leo kwamba Mavers aliikataa mashine ya kuchanganyia sauti, ya kizamani kabisa, kwa sababu haikuwa na vumbi halisi la miaka ya 1960. Kama ni kweli au ni chumvi ya wasimuliaji, kinakupa picha ya mtu mwenyewe.

Hatimaye akaitwa Steve Lillywhite, aliyekuwa ameshatengeneza albamu za mwanzo za U2. Walirekodi London, mambo yakakwama tena, bendi ikaondoka. Safari hii lebo haikungoja. Lillywhite alikusanya vilivyokuwepo kwenye tepu, akavichanganya, albamu ikaenda dukani.

Hapo ndipo penye kidonda. Bendi inaporekodi, mwimbaji huimba pamoja na vyombo ili mpiga ngoma na mpiga besi wajue wamefika wapi kwenye wimbo. Hiyo ni sauti ya kuongozea tu. Haihitaji kuwa nzuri, kwa sababu baadaye hufutwa, mwimbaji akarudi peke yake mbele ya maikrofoni kuimba kwa dhati. Malalamiko ya bendi ni kwamba baadhi ya sauti zilizoingia kwenye albamu zilikuwa hizo za kuongozea. Ni sawa na mshonaji kukuta nguo aliyoipiga bandi inauzwa dukani na uzi mweupe bado unaonekana.

Lakini hebu lisikilize jambo hilohilo ukiwa upande wa pili. Mtu anayeimba akidhani kitafutwa hakazi koo. "Son of a Gun", unaofungua albamu, haumalizi dakika mbili, na Mavers anauimba kama anayejiimbia jikoni. Wasikilizaji wengi wanaoipenda albamu hii wanapenda ulegevu huo huo.

Kuna na sababu ya pili, nayo ni ya masikio. Mavers alikuwa ameishi miaka na demo za nyimbo zake, kanda zilizorekodiwa kwa vifaa duni. Ukisikiliza demo mara mia, kasoro zake zinageuka kuwa sehemu ya wimbo: mkwaruzo, ngoma inayosikika kama imepigwa chumba cha pili. Studio ikiondoa hayo, mtunzi anahisi ameibiwa kitu. Kwake, usafi ule ulikuwa uzuri wa mkakasi. Msikilizaji wa mwaka 1990 hakuwa na demo kichwani, kwa hiyo hakukosa chochote.

Ndiyo maana maoni ya wasikilizaji yamegawanyika hadi leo. Wapo wanaosema Mavers alikuwa sahihi: ngoma zimepigwa pasi mno, na "Timeless Melody" ungeng'ata zaidi kama ungeachwa na uchafu wake. Wanaomtetea Lillywhite hujibu kwamba bila yeye kusingekuwa na albamu ya kubishania. Jambo moja linalowakutanisha karibu wote ni "Looking Glass", wimbo wa mwisho, karibu dakika nane, unaoanza polepole na kuongeza kasi hadi ukajiona umekimbia nao. Mimi nauona bora kuliko "There She Goes", ingawa sokoni haukuwa na nafasi. Huo mwingine wenyewe ulihitaji kutolewa mara mbili: ulipotoka mwaka 1988 uliishia namba 59 kwenye chati za Uingereza, na uliporudishwa 1990 ukafika namba 13.

Mpiga besi John Power aliondoka mwaka 1991 na kuanzisha bendi ya Cast. Mavers amepanda jukwaani mara chache tangu hapo, lakini albamu ya pili hajaitoa.

Mwaka 2008 lilitoka toleo jipya lenye nyimbo hizohizo kama zilivyorekodiwa na Mike Hedges, na baadhi ya mashabiki wanaapa kwamba hiyo ndiyo albamu yenyewe. Nimelisikiliza mara kadhaa. Linavutia, lakini mimi nilianza na la Lillywhite, nikalizoea, na kila nikiweka la Hedges ni kama nimeingia chumbani kwangu nikakuta kuna mtu kahamisha kitanda.