Kumfuata mkongwe: dhana potofu za wanamuziki chipukizi Tabora

Kijana wa Tabora akitaka kujifunza kupitia nyimbo za marehemu Shem Karenga na wenzake wa Tabora Jazz, bendi ya dansi ya mtindo wa Segere Matata, ushauri mbovu hakosi.

"Mfuate mkongwe kwa kuimba kama yeye."
Koo ni lake. Kinachorithika ni mbinu. Anza na gitaa la besi, andika kodi (noti zinazopigwa pamoja) zinabadilika wapi, kisha shika rizim, gitaa linaloshikilia mdundo. Solo iwe ya mwisho. Anayekariri solo tu hupotea wimbo unapoingia kwenye chemko, sehemu ya mwisho iliyochangamka, kwa sababu hajui solo hiyo imeegemea nini.

Kisha angalia maneno yanavyokaa kwenye mdundo. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: katika "ninakupenda" ni "pe". Pigo zito likiangukia "nda", mtu anasikika kama mgeni anayejifunza lugha. Hapa ndipo nyimbo nyingi za sasa zinapoharibika, maana biti hutangulia na maneno hushindiliwa baadaye. Mpangilio mzuri uazime, melodi na mashairi utunge mwenyewe.

"Gitaa halilingani na rekodi, basi wazee hawakutyuni."
Mara nyingi kosa ni la kanda. Kaseti ikikimbia kwa asilimia 6 hivi zaidi, sauti yote hupanda nusu toni, yaani hatua moja ya shingo ya gitaa. Usihamishe vidole ovyo: tyuni nyuzi zote 6 kufuata rekodi, au punguza kasi kwa programu inayoshusha na sauti pia. Programu nyingi za mazoezi hupunguza kasi tu, sauti ikabaki juu palepale.

"Dansi letu lote limetoka Kongo."
Jirani yetu Kigoma inatazamana na Kongo, hilo halibishaniwi. Lakini rumba ya Kongo yenyewe ilikunywa kwenye santuri za Kuba, na Morogoro kulikuwa na bendi iliyojiita Cuban Marimba.

"Wimbo wa zamani ni wa bure."
Sheria ya hakimiliki ya 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Mbaraka Mwinshehe, nyota wa Morogoro Jazz, alifariki 1979, kwa hiyo nyimbo alizotunga zina ulinzi hadi 2029. Kuongeza ngoma mpya au kubadili kasi hakuondoi hilo. Kabla ya kukata kipande cha gitaa na kukiweka kwenye biti, pita COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na mtafute pia mwenye rekodi: haki ya wimbo na haki ya rekodi ni mbili, na ruhusa ya moja haifungui nyingine.