Ngazi ya ukinzani: kwa nini vitufe vya usukani hunyamaza redio mpya inapofungwa

Magari mengi yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa baada ya kutumika Japani huja na redio isiyomfaa mnunuzi tangu siku ya kwanza, kwa kuwa masafa ya FM ya Japani kwa miaka mingi yalianzia megahezi 76 na kuishia 90, ilhali vituo vya kwetu vimetawanyika hadi 108. Kwa hiyo redio hubadilishwa mapema, siku hizi mara nyingi kwa kuwekwa skrini ya Android, na mwenye gari hukuta sauti ni safi na ramani ipo, lakini vile vitufe vya usukani vya kuongeza sauti na kuruka stesheni vimekufa. Ukweli ni kwamba vitufe vizima. Kilichoondoka ni kifaa kilichokuwa kikivisoma. Ili kuelewa namna ya kukirudisha, hatuna budi kuielewa kwanza dhana ya ngazi ya ukinzani.

Ukinzani ni kadiri ambavyo kitu huzuia mkondo wa umeme kupita, nao hupimwa kwa om. Mtu angetarajia kila kitufe kiwe na waya wake hadi kwenye redio, lakini usukani unazunguka, na kila waya unaoongezwa humo ni waya mmoja zaidi wa kukatika. Ndiyo sababu katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 2000 vitufe vya sauti na vya kuruka stesheni hushirikiana waya mmoja, ambao michoro ya mafundi huuita SW1, vitufe vingine kama cha modi hushirikiana wa pili, SW2, na vyote hurudi kwa waya wa tatu uitwao SWG. Ndani ya usukani rezista, yaani vipande vidogo vyenye ukinzani maalumu, zimepangwa mfano wa vidato vya ngazi, na kila kitufe hufunga njia ya umeme kwenye kidato chake. Ukipima kati ya SW1 na SWG bila kubonyeza chochote, utasoma takriban om 100,000. Bonyeza kitufe cha kwenda mbele, usomaji huporomoka hadi karibu sifuri. Cha kurudi nyuma hutoa kama 330, cha kuongeza sauti 1,000, na cha kupunguza kama 3,100.

Redio nayo haina kipima om. Hupeleka volti ndogo kwenye waya huo kupitia rezista yake ya ndani, kisha hutazama volti iliyobaki. Tuchukulie redio inayotoa volti 5 kupitia rezista ya om 1,000: kitufe cha kurudi nyuma kitaishusha volti hadi 1.24, cha kuongeza sauti hadi 2.5, na cha kupunguza hadi takriban 3.8. Kompyuta ya redio huzilinganisha namba hizo na orodha yake na kutekeleza amri. Kitufe chenyewe, basi, hakijui lolote kuhusu sauti wala stesheni. Kinatoa namba tu, na maana ya namba hiyo ilikuwa ndani ya redio uliyoiondoa.

Hapo pia pana siri ya ugonjwa unaowasumbua wengi wenye magari ya zamani, yaani kitufe kinachofanya kazi ya jirani yake. Uchafu na kutu kwenye mguso wa kitufe huongeza ukinzani. Kitufe cha kwenda mbele kilichopaswa kutoa sifuri kikiongezewa om 250 za uchafu, volti yake katika mfano wetu itakuwa 1, jambo linaloweza kuifanya redio ikidhanie kuwa ni kile cha kurudi nyuma. Watu hubadilisha redio ya pili kwa tatizo ambalo lingeondolewa kwa kusafisha migusano.

Redio nyingi za Android zinazouzwa madukani huja na waya mbili zilizoandikwa KEY1 na KEY2, nazo zinaweza kufundishwa. Unaunganisha SW1 na KEY1, SW2 na KEY2, na SWG na hasi, kisha unafungua ukurasa wa vitufe vya usukani kwenye mipangilio, unashikilia kitufe na kuiambia skrini kazi yake. Waya wa SWG ndio husahaulika. Fundi aliyenifungia redio yangu ya kwanza aliunganisha ule wa kwanza tu, akazifunga nyingine tepu nyeusi, na nilitembea na vitufe bubu muda mrefu kabla mwingine hajaigusisha SWG na hasi kwa kazi ya dakika chache.

Redio za Pioneer, Kenwood, JVC na Alpine kwa kawaida huhitaji mpatanishi. Pioneer hupokea amri kupitia tundu la milimita 3.5 linalofanana na la spika za masikioni, na Kenwood hutumia waya wa rangi ya buluu na njano. Kila kampuni ina lugha yake. Adapta ya usukani ni kisanduku kidogo kinachosoma ngazi ya gari upande mmoja na kutamka lugha ya redio upande wa pili, kwa hiyo anayeinunua lazima ajue vitu viwili kwa pamoja: gari lake na redio yake. Swali la muuzaji, "Redio ya kampuni gani?", si la kupoteza muda.

Si magari yote yenye ngazi. Katika Volkswagen Golf ya kizazi cha tano, iliyoanza kuuzwa 2003, vitufe hutuma ujumbe wa kidijitali kwenye kompyuta ya mhimili wa usukani, nayo huupitisha kwenye mtandao wa CAN, yaani waya za pamoja ambazo kompyuta za gari hupashana habari kupitia kwazo, mfumo ambao kampuni ya Bosch iliutangaza mwaka 1986. Huko hakuna namba ya kupima kwa om, na kuchomeka KEY1 kwenye waya wa mtandao huo ni kuliharibia gari mawasiliano yake. Kinachohitajika ni kisanduku cha CAN cha modeli hiyo hasa. Katika magari ya aina hiyo hata taarifa kwamba swichi imewashwa inaweza kufika kwa redio kama ujumbe wa mtandao, si kwa waya wake, na fundi asiyelijua hilo huiunganisha redio moja kwa moja na betri, na asubuhi betri hukutwa imeisha umeme.

Kabla ya kununua chochote, chomoa redio ya zamani, zima swichi, na upime kati ya waya za vitufe na SWG kwa multimita, kifaa cha kupimia om na volti, huku mtu mwingine akibonyeza. Namba zikibadilika kwa kila kitufe, una ngazi. Pima kwenye soketi ya redio tu. Soketi za rangi ya njano chini ya usukani ni za mfuko wa hewa na hazipimwi kwa multimita, na kwa kazi ya ndani ya usukani Toyota huagiza betri ichomolewe na kusubiriwa angalau sekunde 90.

Zoezi la kuifundisha redio lifanyike kabla ya kurudisha dashibodi. Kisha zungusha usukani hadi mwisho wa kushoto na wa kulia huku ukibonyeza kitufe kimoja, kwa kuwa waya za vitufe hupita kwenye utepe mwembamba uliokunjwa kama springi ya saa nyuma ya usukani, pamoja na waya za honi na za mfuko wa hewa. Kitufe kikikatika usukani ukiwa umekunjwa tu, redio haina kosa. Utepe huo ndio unaohitaji kubadilishwa.