Jahazi la paka halipakwi oili chafu

“Fundi, umeshalipiga dawa?” Karibu kila anayeagiza kitanda cha paka chenye umbo la jahazi huuliza hivyo, hata bei hajaitaja. Jibu ni hapana, na kesho litakuwa hapana. Kuna wanaoitikia kwa kichwa, wakakibeba kitanda hadi nyumbani, kisha wakakipaka wenyewe: oili chafu kutoka gereji, dawa ya mchwa iliyobaki baada ya kuezeka, au mafuta ya taa. Paka akianza kutetemeka na kudondosha mate, wanasema kalishwa kitu na jirani.

“Mbao isiyopigwa dawa italiwa na mchwa”

Mchwa wa kawaida anatoka ardhini. Kenchi za paa na fremu za milango zimeshikana na ukuta, na ukuta umeshikana na udongo, kwa hiyo huko dawa ina maana yake. Kitanda cha paka kinakaa juu ya vigae, kina miguu ya sentimita 4, na kinasogezwa kila unapopiga deki. Ili akifikie, mchwa huyo lazima ajenge njia ya udongo ambayo utaiona kabla hajaonja ubao.

Wa kuangaliwa ndani ya nyumba ni bungua, yule anayeacha unga laini chini ya tundu dogo kama ncha ya kalamu. Huyu anafuata wanga, na wanga uko kwenye ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo. Moyo wa mninga au wa mtiki haumvutii. Basi dawa yenyewe ni msumeno: ukinunua ubao wa moja kwa nane wenye ukingo mweupe wa sentimita 2, chana ukingo huo utupe. Umepoteza kipande cha ubao, na shughuli ya bungua imeishia hapo.

Sasa tumtazame mwenye kitanda. Paka hujilamba mwili mzima, tena mara nyingi kwa siku. Ukiipaka mbao, paka naye hujipaka, na kilichomo kwenye mbao kinahamia kwenye manyoya, kisha kwenye ulimi. Permethrini, iliyomo katika dawa nyingi za wadudu, mbwa huivumilia. Paka inamuua, maana ini lake halina uwezo wa kuivunja na kuitoa. Ini hilohilo linashindwa na kundi la kemikali liitwalo fenoli, na hapa ndipo wapenzi wa “dawa za asili” wanaponichosha zaidi kuliko wa oili chafu. Mafuta ya karafuu yamejaa yujenoli, ambayo ni ya ukoo wa fenoli. Ya mkaratusi pia ni sumu kwake. Kwamba kitu kimetoka shambani Pemba na si kiwandani, ini la paka halijui.

Oili chafu nayo haikauki. Inabaki inanata, imebeba masalia ya chuma cha injini na uchafu wa mafuta yaliyoungua, inasubiri manyoya. Ama zile mbao za rangi ya kijani zilizotiwa dawa kiwandani, nyingi zina shaba, kromiamu na aseniki. Ni za nguzo na mapaa.

Umeshapaka? Usijaribu kuokoa kwa msasa. Dawa imezama ndani, na vumbi lake utalivuta wewe. Tupa kitanda, wala usikichome jikoni, kwani moshi na majivu ya mbao zenye aseniki ni hatari kwa watu pia. Paka akianza kutetemeka, mwoshe kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu, mfunike asipate baridi, umkimbize kwa daktari wa mifugo. Usimtapishe. Na yale maziwa mnayokimbilia hayaondoi sumu yoyote.

Kinachotakiwa juu ya mbao ni hiki: msasa namba 80, kisha 120, kisha 220, siku zote kwa kufuata nyuzi. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, acha ikauke. Vanishi ya maji, mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukisubiri saa 2 hadi 4, na kati yake pitisha msasa wa 320 kwa mkono mwepesi. Halafu subiri wiki tatu kivulini penye upepo. Wakati wa masika ongeza moja. Vanishi isiyoshika kidole imekauka, haijakomaa. Ukitaka kuhakiki, paka vanishi kipande cha ubao siku ileile, na siku ya kutoa kitanda kifunge kipande hicho kwenye mfuko wa plastiki usiku kucha. Asubuhi fungua unuse. Kama wewe unaisikia harufu, paka anaisikia mara nyingi zaidi, na hatalala humo.

Mafuta ya nazi nayo hayafai. Hayakauki, yanachacha, yanaita sisimizi. Na mteja anayetaka uhalisia mpaka sifa, yaani mafuta ya papa, kama jahazi la kweli, ajue kwamba kwa paka hicho ni kitoweo: ubao utatafunwa.

“Kikubwa ndiyo raha”

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni tumboni mwake. Paka anaishi hivyo hasa. Atazunguka chombo chote, mwishowe atajikunja pale panapombana mgongo. Kwa paka wa kilo 3 hadi 5, ngama ya sentimita 45 kwa 35, yenye kina cha 15, inatosha, na upande mmoja ukingo ushushwe hadi 8 ili aingie bila kuruka. Chombo kizima, kutoka omo hadi tezi, kisizidi 80. Ukilifanya la futi nne atalikwepa, arudi kwenye boksi la viatu.

Mataruma, yaani mbavu za chombo, matano ya plaiwudi ya milimita 12 yanatosha kubeba mbao za ubavuni. Mninga haupindi kirahisi: chana fito za milimita 4, upana sentimita 3, zilowekwe kwenye maji ya moto saa nzima, kisha zibanwe kwenye mataruma kwa jiriwa usiku kucha. Zinapovunjika, huvunjika karibu na omo, kwenye mpindo mkali. Hapo punguza ziwe milimita 3. Usiweke gundi zikiwa mbichi, kwa sababu gundi nyeupe haishiki ubao wenye maji. Chini toboa matundu ya milimita 12, kumi hivi, la sivyo godoro litaota ukungu.

“Chombo lazima kiyumbe”

Hapana. Paka akirukia ukingo na ukingo ukashuka, harudi tena. Jahazi lake lipwelewe, yaani likae pakavu, na litiwe gadi, miti ya kuliegemeza, kama yanavyotiwa pwani maji yakitoka: gadi mbili kila upande, zikiungwa chini kwenye kitako chenye upana sawa na chombo. Zishikwe kwa skrubu zilizotanguliwa na tundu la keekee. Misumari hulegea, vichwa vikachomoza.

“Zile kamba za tanga atachezea”

Atazimeza. Uzi ukinasa chini ya ulimi au tumboni, utumbo unajikunja juu yake kama suruali ya lastiki, na hapo ni upasuaji. Tanga liwe la kitambaa kizito, lipigwe pini kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, bila demani (kamba ya kuvutia tanga) wala kamba inayoning’inia. Kamba moja tu inaruhusiwa: ya katani, unene wa milimita 8, iviringishwe kwenye mlingoti ikiwa imebana, na ncha zote mbili zifungiwe ndani ya tundu kwa gundi na kabari. Hapo atanoa kucha. Ianike kwanza siku mbili, kwani kamba mpya huwa na harufu ya mafuta ya kiwandani.

“Paleti za bandarini ni mbao za bure”

Soma muhuri. HT maana yake imepashwa joto, nyuzi 56 hadi kwenye kiini kwa dakika 30. MB imefukizwa kwa methili bromaidi, gesi ya kuulia wadudu; iache. Hata HT haisemi nini kilimwagika juu yake njiani, kwa hiyo yenye doa au harufu usiichukue.

“Paka wangu mkaidi, hataki kulala”

Si mkaidi. Mmemnyanyua mkamtumbukiza. Tandika kanga uliyokwisha kuivaa, isiyofuliwa, juu ya godoro la sentimita 5, na uliweke jahazi mahali anapolala sasa, hata kama ni katikati ya sebule. Akishalizoea, lisogeze hatua moja kwa siku hadi pale unapotaka wewe.