Je, wajua kwa nini Pemba ina ndege wake peke yake na Unguja haina?

Mtu akikwambia Pemba na Unguja ni mulemule tu, mwulize habari za ndege. Pemba ina aina nne za ndege ambao huwapati kokote kwingine duniani: ninga wa Pemba (yule njiwa wa kijani mla matunda), bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba, na kale kandege ka manjano kenye duara jeupe kuzunguka jicho. Unguja haina hata aina moja ya kwake peke yake!

Sasa utasema labda Pemba iko mbali sana na bara. Wala, kwa umbali haijapitana sana na Unguja, jibu liko chini ya maji. Mkondo kati ya Unguja na bara una kina cha mita hamsini hivi, kwa hiyo miaka kama 20,000 iliyopita, dunia ilipokuwa na baridi kali na maji mengi yameganda barafu, bahari ilishuka mita 120 hivi na Unguja ikawa bara kabisa, wanyama na ndege wakawa wanapita tu. Mkondo wa Pemba unafika mita 800, haukukauka. Ndege waliofika kule walizaliana wenyewe kwa wenyewe muda mrefu mno mpaka wakawa aina nyingine.

Wa kumtafuta ni yule bundi. Ni mdogo kweli, wengine wekundu kama kutu na wengine kahawia, mchana kajibanza kwenye majani mazito humwoni, usiku ndo unamsikia anatoa mlio mmoja mmoja. Nenda msitu wa Ngezi, kaskazini, barabara ya kutoka Konde kwenda Kigomasha inapita humo humo.

Shida ni kwamba msitu wa asili umebaki vipande tu, sehemu kubwa ilishafyekwa ikapandwa mikarafuu, hasa baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikashika usukani wa karafuu. Chozi na kale kenye jicho jeupe hawana neno, hata bustanini utawakuta. Bundi anataka miti mikubwa, na ninga anataka miti ya matunda halafu bado anawindwa kwa kitoweo, kwahiyo hao wawili ndo wa kuwahofia.

Na ndege wa kisiwani akiisha hana akiba bara. Dodo, ndege mkubwa asiyeruka wa kisiwa cha Mauritius, aliisha karne ya 17, baada ya mabaharia kufika na panya, nguruwe na nyani. Hukohuko Mauritius kuna aina moja ya kipanga walibaki 4 tu porini mwaka 1974, wakatunzwa mayai na vifaranga, leo wapo mamia. Ila ile kazi ilichukua miaka na hela nyingi, kuuacha msitu wa Ngezi ulivyo ni rahisi zaidi.