Uongo, udanganyifu na usengenyaji: tunachokichanganya

Dhana: Kusema uongo na kudanganya ni kitu kimoja.

Uongo ni maneno. Kudanganya ni tendo linalompata mtu, ndiyo maana ukisema "amedanganya" utaulizwa: kamdanganya nani? Muuza karanga anayepimia kopo lililobonyezwa kitako hajatamka neno lolote la uongo, lakini amekudanganya. Na anayetoa uongo ambao hakuna aliyeuamini hajamdanganya mtu, ameongopa tu. Tazama na viishio. "Amedanganywa" yuko aliyemfanyia. "Amedanganyika" macho yanamgeukia yeye, mbona kaingia? Mtu hujigamba "sidanganyiki", si "sidanganywi".

Dhana: Kusengenya ni kumzulia mtu.

Hapa wengi hujitetea: "Kwani nimesema uongo?" Hujasema, na bado umesengenya. Kusengenya ni kumsema mtu akiwa hayupo kwa jambo asilopenda litajwe, hata likiwa kweli tupu. Kama jambo lenyewe halipo, umemzulia. Ukimtwika kosa ambalo hakulitenda, umemsingizia. Mtoto wa madrasa hufundishwa tofauti hii kwa majina ya ghiba na buhtani.

Dhana: "Urongo" ni kuharibu Kiswahili.

Ni Kimvita, cha Mombasa. Kwenye maandishi sanifu andika uongo.

Dhana: Tahajia inatosha kumtenga mwongo na muongo.

Haitoshi, kwa sababu wapo wanaoandika "mwongo" hata wakimaanisha muongo, yaani kipindi cha miaka kumi. Kwa wazee wa pwani waliohesabu mwaka kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua, mwongo ulikuwa siku kumi. Shika upatanisho: kwa msema uongo, mwongo huyu, waongo hawa; kwa kipindi, mwongo huu, miongo hii.

Dhana: Kughushi na kuchakachua ni mamoja.

Anayeghushi hutengeneza au hubadilisha hati ili ionekane halali: cheti, sahihi, risiti. Anayechakachua huanza na kitu halisi, akakichanganya na kisichofaa. Tanzania neno hili lilivuma kwa petroli iliyotiwa mafuta ya taa, likahamia kwenye kura za mwaka 2010. Siku hizi linabeba kila kitu, hadi maziwa yaliyoongezwa maji, na hapo linakaa sawa kabisa. Kwa cheti cha bandia, bora kughushi.

Dhana: Fisadi ni mla mali ya umma tu.

Hiyo ni maana ya magazeti. Katika Kiswahili cha zamani fisadi ni mwasherati, mharibifu wa wake na mabinti za watu. Ukimkuta katika shairi la kale, usimtafute hazina.