Gari-nyumba si gari tu: dhana potofu za wanaoliuza wenyewe

Mama mmoja aliyekuja kuliangalia gari-nyumba letu hakuuliza habari za injini. Alivua viatu mlangoni, akapanda, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya dirisha lililo juu ya kitanda na kuibonyeza kwa kidole gumba. Akashuka nayo taratibu, akibonyeza kila baada ya shibiri moja, mpaka usawa wa godoro. Kisha akafungua kabati la chini, akaingiza kichwa, akanusa. Mimi nilikuwa nimesimama nje na funguo mkononi, tayari kueleza oili ilibadilishwa lini na limetembea kilomita ngapi. Nilijiandaa kuuza gari, na yeye alikuja kukagua nyumba.

Tangu siku ile nimeuza jingine na kuwasaidia jamaa kuuza ya kwao, na naona makosa yaleyale yakirudi. Gari-nyumba lina chasi, injini na breki, hilo halina ubishi. Lakini lina pia paa, kuta za plaiwudi, mabomba ya maji, mitungi ya gesi na mifumo miwili ya umeme, na vyote hivyo hutikiswa kila linapotoka. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayoyasikia zaidi kwa watu wanaotaka kuliuza wenyewe, bila yadi wala dalali.

Dhana: Kilomita chache ndiyo sifa kuu

Kwa gari dogo, labda. Gari-nyumba huchakaa hata likiwa limesimama. Mpira wa tairi hukauka na kufanya nyufa ndogondogo kwa jua na hewa, hata kama meno yake bado ni marefu. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa msimbo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: 3517 maana yake lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2017. Mnunuzi anayejua huinama kuzisoma mapema kabisa. Watengenezaji wakubwa wa matairi hushauri yakaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na yakifikisha miaka 10 yaondolewe hata yakionekana mazima.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka 2 au karibu na hapo. Mkanda wa taimingi, ule unaozungusha sehemu za ndani za injini kwa mpangilio, kwa injini zenye mkanda, una kikomo cha kilomita na kikomo cha miaka, na kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa. Gari-nyumba lililosimama miaka saba chini ya turubai linaweza kumgharimu mnunuzi mengi kuliko lile lililozunguka kila likizo likifanyiwa sevisi. Ukiwa na hilo la pili, usione haya kuandika kilomita zake. Weka risiti kando yake, zikiwa zimepangwa kwa mwaka.

Dhana: Doa likishapakwa rangi, habari imekwisha

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mauzo mengi huvunjikia.

Ukuta wa gari-nyumba kwa kawaida ni tabaka: nje bati la alumini au faibaglasi, katikati kitu chepesi cha kuzuia joto na baridi, ndani plaiwudi nyembamba. Mengi ya zamani yana na fremu ya mbao. Maji hayahitaji tundu kubwa. Huingia penye maungio ya paa na ukuta, kwenye mipira ya madirisha, kandokando ya vifuniko vya hewa vya juu ya paa, na penye matundu ya skrubu zilizoshika turubai la kivuli au kibebeo cha baiskeli. Yakishaingia husafiri ndani ya ukuta na kujitokeza mbali na yalikopitia. Ukilipaka doa rangi umefuta alama tu, mbao zinaendelea kuoza nyuma yake. Baadaye tabaka za plaiwudi huachana, ukuta unakuwa laini chini ya kidole, na sakafu inabonyea ukiikanyaga.

Wanunuzi wanalijua hili. Wengi huja na kipima unyevu, kifaa kidogo cha kushika mkononi. Kwa viwango wanavyotumia wakaguzi wengi, usomaji chini ya asilimia 15 hauna shida. Kati ya 15 na 20 unahitaji kufuatiliwa. Zaidi ya 20 kuna jambo la kuchunguzwa. Na ukivuka 30 mara nyingi mbao zimeshaharibika. Kwa hiyo rangi mpya kwenye kona moja tu ya gari zima inamwonyesha mwenye kifaa mahali pa kuanzia. Vivyo hivyo marashi. Ukimfungulia mtu mlango akakutana na harufu kali ya maua, atajiuliza inafunika nini. Fungua madirisha siku mbili tatu kabla hajaja, inatosha.

Letu lilikuwa limewahi kuvuja, pale pale juu ya kitanda. Tulifungua ukuta, tukatoa mbao mbovu, tukaweka mpya, tukaziba upya dirisha lote. Picha za kazi hiyo nilikuwa nazo, na risiti pia, lakini nilizisukuma nyuma kabisa ya faili kwa kuamini zitamfukuza mnunuzi. Yule mama alipomaliza kubonyeza aliniuliza kwa upole, "Kaka, hapa maji yaliingia lini?" Sikuwa na pa kujificha. Nikazitoa. Alikaa kwenye kiti cha meza akazitazama moja moja, ile yenye mbao nyeusi akaisogeza karibu na mwanga, akaomba nimwonyeshe kwenye ukuta ni wapi hasa mbao mpya zinaanzia. Akapima. Kipimo kilikuwa 12. Akasema picha hizo ndizo alizokuwa akizitafuta kwa kila muuzaji na hakuna aliyempa. Alilinunua yeye.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na ukuta wenye maji una mauti yake. Kama unyevu upo na huna uwezo wa kuutengeneza, useme kwenye tangazo, upige picha, upunguze bei. Wapo mafundi wanaotafuta gari la namna hiyo. Na kama huna hakika kama upo, mlipe mkaguzi alipime kabla hujalitangaza. Ripoti yake yenye tarehe ya karibuni itakusemea vizuri kuliko maneno yako.

Dhana: Nilichokiongeza kitarudi kwenye bei

Paneli za sola, betri mpya, televisheni, kamera ya nyuma. Vinasaidia gari liondoke haraka, lakini ni nadra kurudisha gharama yake, kwa sababu mnunuzi analinganisha mwaka, muundo na hali, si orodha ya manunuzi yako. Wengine pia hupanga bei kwa kutazama matangazo. Tangazo linaonyesha bei ambayo mtu anaitamani, na lililokaa miezi minne limeshaonyesha kwamba bei hiyo imekataliwa. Chagua matangazo kumi ya magari yanayofanana na lako, yafuatilie kwa wiki kadhaa, uone yapi yanatoweka na yapi yanashushwa bei.

Kitu kinachogusa bei na watu hukisahau ni mpangilio wa ndani, hasa idadi ya mikanda ya usalama. Gari linaweza kulaza watu sita na likawa na mikanda minne tu. Familia ya watu sita ikija ikaligundua hilo mlangoni, mmepotezeana siku. Liandike.

Dhana: Mnunuzi atachukua neno langu kwamba kila kitu kinafanya kazi

Hatachukua, na hapaswi kuchukua. Anataka kuona moto wa jiko, kusikia pampu ya maji, kushika maji ya moto. Hapa maandalizi yana saa zake. Friji nyingi za magari haya, zile zinazotumia gesi au umeme kwa zamu, hazina kompresa. Hupoza kwa mzunguko wa amonia unaotegemea joto na mteremko wa kimiminika chenyewe. Zinachukua saa nyingi kupoa, na gari likiwa limeinama hazipoi vizuri. Ukiiwasha mnunuzi anapobisha hodi, atagusa ndani, akute joto, aondoke akiamini ni mbovu. Liegeshe penye usawa, iwashe jana yake jioni.

Injini ni kinyume chake: usiipashe moto kabla. Mwenye uzoefu hugusa boneti akifika, na injini ya moto humfanya afikiri unaficha ugumu wa kuwaka. Iache baridi, awashe mwenyewe.

Tazama mpira wa gesi na regulata, kile kifaa kinachopunguza msukumo wa gesi itokayo mtungini, maana vyote vina tarehe. Nchi nyingi za Ulaya regulata hushauriwa kubadilishwa ifikapo miaka 10. Ni kifaa cha bei ndogo, na kilichopitwa na wakati humfanya mtu awe na mashaka hata na vitu vingine vyote. Kama gari lilikaa kwenye baridi ya kugandisha, hakikisha hita ya maji haikupasuka. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na hita iliyoachwa na maji ndani hupasuka kimyakimya, uvujaji ukaonekana siku ya kujaza tangi. Afadhali siku hiyo uwe peke yako.

Dhana: Nikiandika "linauzwa kama lilivyo," hanipati

Maneno hayo yana uzito, ila hayafuniki uongo. Uingereza, muuzaji binafsi hafungwi na wajibu wa ubora unaomfunga mfanyabiashara chini ya sheria ya haki za walaji ya 2015, lakini sheria ya 1967 kuhusu maelezo ya uongo inamhusu. Ujerumani unaweza kuandika mkatabani kwamba hutoi dhamana, ila kifungu cha 444 cha sheria yao ya kiraia kinakunyima kinga hiyo ukificha kasoro kwa hila. Ufaransa, kasoro iliyojificha inaweza kumfuata hata muuzaji binafsi, na mnunuzi ana miaka 2 ya kudai tangu aigundue. Popote ulipo, orodhesha kasoro unazozijua kwenye karatasi ya mauziano, mnunuzi asaini chini yake. Orodha hiyo inakulinda kuliko maneno matatu ya jumla.

Kama gari bado lina mkopo, zungumza na mkopeshaji kabla ya tangazo. Mara nyingi haki ya kuliuza iko kwake mpaka deni liishe.

Dhana: Mwenye leseni yeyote anaweza kuliendesha

Uzito ndio unaoamua. Ulaya leseni ya kawaida, daraja B, kwa miaka mingi imeishia kwenye magari yasiyozidi kilo 3,500 za uzito wa juu unaoruhusiwa. Uingereza, waliofaulu mtihani kabla ya Januari 1, 1997 kwa kawaida wanaruhusiwa mpaka kilo 7,500, kwa hiyo baba anaweza kuliendesha na mwanawe asiweze. Taja uzito huo kwenye tangazo, pamoja na kilo zinazobaki za kubebea mizigo. Lita 100 za maji ni kilo 100 tayari, kabla hajapanda mtu.

Akitaka kulijaribu barabarani, ona leseni yake kwanza, ulizia bima yako inamgusa vipi, na panda naye. Mnapobadilishana viti, zima injini, funguo utembee nazo mkononi.

Dhana: Hela ikionekana kwenye akaunti, imefika

Ya hundi huenda haijafika. Marekani benki hutakiwa kumpa mteja fedha za hundi ndani ya siku chache, lakini kugundulika kwamba hundi ni ya kughushi kunaweza kuchukua wiki kadhaa, na hapo benki inazirudisha kwa kukukata wewe. Matapeli wanaishi kwenye pengo hilo. Anayejifanya mnunuzi hutuma hundi iliyozidi bei, anaomba ziada umpelekee "msafirishaji" wake, na hajawahi kuliona gari. Mtu anayenunua nyumba ya magurudumu bila kuingia ndani, usimpe hata dakika zako.

Picha ya muamala kwenye simu yake si malipo pia. Fungua akaunti yako mwenyewe, au kutaneni benki na malipo yafanyike mbele yako. Funguo na kadi ya gari vibaki kwako mpaka hapo. Na kadi hiyo usiipige picha ukaiweka kwenye tangazo, kwa sababu taarifa zake hutumika kulivalisha gari la wizi namba zako.

Dhana: Akishaondoka nalo, halinihusu

Mpaka mamlaka ya usajili ipate taarifa, faini za barabarani zinakuja kwako. Tuma taarifa siku hiyohiyo, uhifadhi uthibitisho. Futa anwani ya kwenu kwenye ramani ya gari, tenganisha simu yako, hamisha kifaa cha kufuatilia gari kiwe kwa jina la mwenye mali mpya. Bima usiisitishe kabla halijatoka mikononi mwako.

Na kabla hajaondoka, mpe mnunuzi saa nzima ya kumwonyesha kila kitu kinavyofanya kazi. Kwa yule mama niliandika kwa kalamu kwenye vipande vya plasta, nikabandika kwenye kila valvu: maji baridi, maji ya moto, gesi ya jiko, gesi ya friji. Msimu wa baridi ulipoingia alinipigia, akaniuliza valvu ya kumwaga maji ya hita iko wapi. Nikamwambia afungue kabati lile la chini aliloingiza kichwa siku ya kwanza, atazame kushoto, kuna plasta imeandikwa MWAGA. Akaipata.